Mwongozo kamili: jinsi ya kuchunguza klemu ya fidia ya mfanyakazi unayoitilia shaka

Niseme mapema kabisa, klemu nyingi zinazotiliwa shaka ukizichimba unakuta mtu kaumia kweli. Labda kachelewa kuripoti, labda fomu kajaziwa na mwenzake akakosea tarehe, labda anayakuza maumivu kidogo kwa kuogopa kwamba asipolia sana hatasikilizwa. Halafu zipo chache ambazo zimetungwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kazi yako mchunguzi ni kuangalia kama kilichoandikwa na kilichotokea vinalingana, basi. Ukianza na akili ya "huyu ni mwizi tu" utauona wizi hata pasipokuwepo, na faili lako litakufia mikononi siku wakili wa mdai akianza kukuuliza maswali.

Naandika kwa watu wa HR, maafisa usalama kazini, watu wa madai kwenye bima na mifuko ya fidia, na yeyote yule aliyetupiwa faili mezani akaambiwa "hebu iangalie hii". Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo nikigusa mambo ya ruhusa na faragha, angalia sheria ya kwenu kwanza.

Hatua ya 1: Jua udanganyifu ni kitu gani, na kitu gani sio

Mfumo huu wa fidia ulianzia Ujerumani mwaka 1884 enzi za Bismarck, Uingereza wakatunga sheria yao 1897, na makubaliano ya msingi mpaka leo ni yaleyale: mfanyakazi akiumia kazini analipwa bila kuhangaika kuthibitisha kosa la mwajiri, na mwajiri naye haburuzwi mahakamani kwa kila ajali. Maana yake kwako ni kwamba uzembe sio udanganyifu. Mtu kapanda juu bila mkanda, kaanguka, kavunjika, hiyo ni ishu ya nidhamu na usalama lakini klemu yake kwa kawaida inasimama palepale. Sheria nyingi zina vighairi kama kujiumiza makusudi au ulevi, hivyo visome vizuri kwenye sheria yako, usivibuni.

Ili uite kitu udanganyifu unahitaji mambo manne kwa pamoja: kuna taarifa ya uongo, aliyeisema alijua ni uongo, uongo wenyewe unagusa jambo linalobadilisha malipo, na aliusema ili apate kitu asichostahili. Kikikosekana kimoja huna kesi, una maswali tu. Mtu aliyesema kaumia saa nne kumbe ilikuwa saa tano hajakudanganya kitu. Mtu aliyesema hajawahi kuumwa mgongo maishani mwake, halafu faili la hospitali linaonyesha katibiwa mgongo miaka miwili mfululizo, hapo sasa tuongee. Na hata hapo taratibu, kwa sababu sehemu nyingi ugonjwa wa zamani uliozidishwa na kazi bado unafidiwa. Tatizo ni kuuficha, sio kuwa nao.

Na sio wafanyakazi peke yao wanaopiga. Waajiri wanapiga, hospitali na madaktari wanapiga, na hela kubwa mara nyingi iko huko. Nitarudi kwenye hilo mbele.

Hatua ya 2: Okoa ushahidi kabla haujapotea

Hii ifanye siku unayopokea faili, hata kabla hujalisoma lote. Kamera za CCTV zinajirekodi juu ya zenyewe, kuna mifumo inafuta baada ya wiki, mingine baada ya mwezi, na hakuna atakayekusubiri. Andika barua au imeili fupi kwa anayehusika, taja kamera zipi, tarehe ipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na chukua muda mrefu kuliko unaodhani unahitaji, yaani masaa kadhaa kabla ya tukio na masaa kadhaa baada yake. Mtu anayeonekana akichechemea getini asubuhi anaingia kazini, wakati ajali "imetokea" mchana, hutampata kama ulichukua dakika kumi tu za tukio.

Halafu kitu ambacho wengi wanakiruka: saa ya mashine ya CCTV. Simama mbele ya skrini, shika simu yako, linganisha saa mbili hizo na uzipige picha zikiwa pamoja. Utashangaa ni mara ngapi mashine iko mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, wakati mwingine saa nzima, sababu umeme ulikatika na hakuna aliyeirekebisha. Sasa chukulia fomu inasema mtu kateleza saa 8:10 mchana, video inamwonyesha saa 8:10 anakunywa maji akiwa mzima kabisa. Ukikimbilia kuandika "muongo" bila kujua mashine iko nyuma dakika 25, yaani ile picha ya maji kiukweli ni ya saa 8:35, umejimaliza mwenyewe. Na pengine alikuwa anakunywa maji kwa sababu ndio kwanza kanyanyuliwa pale chini.

Vingine vya kukusanya haraka ni rosta ya shifti, rejista ya mahudhurio au data za kadi za mlangoni, kitabu cha matukio cha walinzi, rejista ya huduma ya kwanza, kumbukumbu za matengenezo ya mashine, meseji za kwenye magrupu ya kazi, na kifaa chenyewe kilichohusika. Ngazi iliyovunjika ifungiwe stoo na uandike nani kaipeleka, lini, na nani ana ufunguo. Picha za simu omba zitumwe kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana ikitumwa kama picha ile taarifa ya ndani ya lini na wapi ilipigwa inafutika, unabaki na picha tupu.

Hatua ya 3: Soma faili, na zitumie alama za shaka kwa adabu

Kila ofisi ina orodha yake ya viashiria, utakuta: ajali bila shahidi, kuripoti kwa kuchelewa, ajali siku chache kabla ya kupunguzwa kazi au baada ya barua ya onyo, maelezo yanayobadilika, mdai hapatikani nyumbani muda wa mapumziko, daktari yuleyule na wakili yuleyule kwenye klemu zinazofanana, mtu mgeni kazini mwenye historia ya klemu sehemu nyingine. Ni orodha nzuri kwa kuamua faili lipi lichimbwe kwanza, lakini hakuna hata kimoja humo ambacho ni ushahidi.

Mfano maarufu ni wa Jumatatu. Watu wa bima wameamini miaka mingi kwamba majeraha ya mgongo na misuli yanayoripotiwa Jumatatu asubuhi ni majeraha ya wikiendi yaliyoletwa kazini ili yalipwe. Na kweli Jumatatu huwa zinaongezeka. Ila wachumi wawili, David Card na Brian McCall, mwaka 1996 walilijaribu wazo hilo kwa namna rahisi: kama watu wanaleta majeraha ya nyumbani ili wapate matibabu ya bure, basi wasio na bima ya afya ndio wangejazana zaidi Jumatatu. Hawakukuta hivyo. Kwa hiyo Jumatatu ikufanye uulize swali la ziada, isikufanye utoe hukumu.

Kuhusu ajali bila shahidi, jamani, mlinzi wa usiku, dereva wa masafa, fundi anayefanya kazi peke yake, hao shahidi watamtoa wapi? Kiashiria kina uzito pale tu ambapo kwa kawaida watu wangekuwepo na safari hii ghafla hawakuwepo.

Hatua ya 4: Tengeneza mstari wa muda

Kama una nafasi ya kufanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, fanya hiki. Fungua jedwali, weka safu ya tarehe na saa, safu ya nini kilitokea, safu ya nani kasema au dokumenti ipi inasema, na safu ya mwisho ya kama limethibitishwa na chanzo kingine. Anza mbali, miezi kadhaa kabla ya ajali, weka likizo, onyo, maombi ya uhamisho yaliyokataliwa, mikopo ya kazini, ED za nyuma (zile ruhusa za daktari za kupumzika kazi). Halafu siku yenyewe saa kwa saa. Halafu baada ya hapo kila hospitali, kila simu, kila fomu.

Usijaze nafasi tupu kwa kukisia, ziache tupu kabisa, kwa sababu hizo nafasi ndio maswali yako ya mahojiano. Na mara nyingi mstari wenyewe unaanza kuongea bila wewe kusema kitu. Unakuta fomu ya ajali ina tarehe 14, risiti ya eksirei ina tarehe 12, na mtu anasema hakwenda hospitali kabla ya ajali. Inawezekana keshia kakosea. Inawezekana pia jeraha lilikuwepo. Sasa una swali zuri la kumuuliza keshia na daktari wa eksirei, kabla hujamgusa mdai.

Hatua ya 5: Nenda ukapaone

Usichunguze ajali ukiwa kwenye kiti. Nenda saa ileile ajali ilipotokea, shifti ileile, uone mwanga ukoje, kelele zikoje, nani hupita pale. Pima. Urefu wa rafu, uzito wa boksi, umbali toka alipoangukia mpaka kwenye mlango. Mtu kasema alikuwa anashusha boksi la kilo 30 toka rafu ya juu, wewe unafika unakuta rafu ya juu ina maboksi matupu ya akiba na mazito yote yako chini, andika, piga picha, na uulize stoo kama mpangilio ulibadilishwa baada ya tukio. Maana huwa unabadilishwa bwana, tena na supavaiza mwenyewe anayeogopa kuulizwa kwa nini vitu vizito vilikuwa juu.

Hatua ya 6: Mahojiano

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibika. Anza na watu wa pembeni, waliokuwepo karibu, aliyempa huduma ya kwanza, supavaiza, halafu mdai mwisho au karibu na mwisho, ukiwa tayari unajua mstari wako wa muda. Kila mtu peke yake. Mashahidi wakikaa chumba kimoja watatoka na hadithi moja, na sio lazima wawe wanadanganya, ndivyo kumbukumbu za watu zilivyo.

Ukifika kwa mdai, mpe pole, mweleze wewe ni nani na kwa nini uko pale, omba ruhusa kama unarekodi, na kama ana haki ya kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au wakili mwambie. Halafu muache aongee. Swali la kwanza liwe wazi kabisa. Linganisha hizi mbili:

"Kwa hiyo uliteleza kwenye mafuta karibu na mashine namba tatu, si ndio?"
"Ndio."

Hapo hujapata kitu, umempa hadithi na yeye kaitikia. Sasa hii:

"Pole sana mama, naomba unielezee siku ile toka ulipoingia getini mpaka ulipofika hospitali, chukua muda wako."
"Niliingia kama saa moja kasoro, nikabadilisha nguo, Mama Rehema akaniambia leo unakaa upande wa kufungashia kwa sababu yule binti hajaja..."

Umeona? Keshakupa jina la mtu wa kumuuliza, keshakupa sababu ya kuwa eneo lile ambalo sio lake, na vyote hivyo vinaweza kuthibitishwa na rosta. Mtu anayesimulia kitu kilichomtokea mara nyingi anakupa vitu vidogovidogo visivyo na kazi kwenye hadithi, nani alicheka, redio ilikuwa inapiga nini, kiatu kilichotoka mguuni. Sio sheria ya kudumu lakini vinakusaidia kwa sababu vinaweza kukaguliwa.

Akimaliza mrudishe kwa vipande: ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa unaangalia wapi, mkono upi ulitangulia, ulianguka upande gani, uliamka mwenyewe au uliinuliwa, nani wa kwanza ulimwambia, ulitumia maneno gani kumwambia. Mwombe achore. Halafu mambo ya kabla: umewahi kuumia sehemu hiyo, ulitibiwa wapi, una kazi nyingine au biashara, unafanya nini nyumbani kwa sasa, nini huwezi kufanya, nini unaweza. Hili la mwisho liulize kwa undani, unaweza kubeba ndoo, kupanda ngazi, kuendesha gari, kumbeba mtoto, kwa muda gani, na siku zote au kuna siku nafuu. Majibu haya ndiyo yatakayolinganishwa na kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo yasiwe ya jumlajumla.

Usimwonyeshe ulichonacho mapema. Na usiamini sana mambo ya kusoma uso, eti kaangalia pembeni, eti katoka jasho, eti mkono unatetemeka. Mtu mwenye maumivu akihojiwa na mtu mwenye faili atatoka jasho tu. Ukikuta mgongano, uweke mbele yake kwa utulivu: "Kuna risiti hapa ya tarehe 12, naomba unisaidie kuielewa." Mpe nafasi halisi ya kueleza, na andika maelezo yake kama alivyoyasema, hata kama wewe huyaamini. Mwishoni asome, asahihishe kwa mkono wake, asaini, abaki na nakala.

Na supavaiza naye ahojiwe kama shahidi, asichukuliwe kama mwenzako. Ana maslahi yake. Kuna masupavaiza wanaozima ajali ili takwimu za usalama zisiharibike, halafu klemu ikija wiki mbili baadaye wanasema "hakuniripotia kitu".

Hatua ya 7: Faili la hospitali, na daktari wa pili

Omba ridhaa ya maandishi ya kuona taarifa za matibabu, na omba zile tu zinazohusiana na jeraha, sio maisha yake yote. Ukizipata soma maelezo ya kwanza kabisa aliyoyatoa mgonjwa mapokezi au kwa nesi kabla hajafikiria mambo ya fidia. Hayo yana uzito. Ukikuta pameandikwa "ameanguka na pikipiki jana jioni" na fomu ya kazini inasema kateleza ghalani leo asubuhi, mtafute aliyeandika, muulize aliandika mwenyewe au alinakili kwa mtu aliyemleta mgonjwa.

Halafu linganisha namna alivyoumia na jeraha lenyewe. Anayeanguka akakinga kwa mikono kwa kawaida anavunjika karibu na kifundo cha mkono. Anayedondoka toka juu akatua kwa miguu anaumia kisigino, wakati mwingine na uti wa mgongo pamoja. Mfupa uliovunjika, kwa mtu mzima, unaanza kuonyesha alama ya kuunga kwenye eksirei baada ya wiki mbili tatu hivi, kwa hiyo eksirei ya siku ya ajali ikionyesha mfupa ulioanza kuunga, jeraha ni la zamani, na hilo aliseme mtaalamu wa eksirei kwa maandishi, sio wewe. Rangi ya michubuko usiitumie kukadiria siku, haiaminiki. Kwa klemu za kuziba masikio, yaani kupungua kusikia, kelele za kazini kwa kawaida zinaharibu masikio yote mawili na kipimo kinaonyesha shimo kwenye sauti nyembamba za maeneo ya hezi 3000 mpaka 6000, hasa 4000. Mtu aliyeziba sikio moja tu, tena kwa sauti nene, anaweza kuwa anaumwa kweli, ila sababu inaweza isiwe ile kelele.

Mgongo ndio msumari wa moto. MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili, haitakuokoa. Utafiti uliochapishwa 2015 na Brinjikji na wenzake, uliokusanya tafiti za watu wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski (vile vimto vya kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wa miaka 80. Maana yake picha mbaya haithibitishi kwamba anaumwa, wala picha nzuri haithibitishi kwamba hauumi. Vilevile kuna vile vipimo vya daktari Gordon Waddell wa mwaka 1980, kama mgonjwa kulalamika mgongo unauma ukimbonyeza kichwa tu. Watu wa bima walivigeuza kuwa kipimo cha uongo, na Waddell mwenyewe alionya kwamba sicho, vinaonyesha kuna mambo mengine zaidi ya mwili, ikiwemo hofu na msongo. Ukikuta ripoti ya daktari inasema "ana dalili za Waddell kwa hiyo anaigiza", irudishe.

Kama unahitaji daktari huru, mpe maswali yaliyoandikwa na yasiyoelekeza jibu: jeraha linaendana na maelezo ya ajali? kuna ushahidi wa tatizo la zamani? ajali ilichangia kiasi gani? anaweza kazi gani kwa sasa? Mpe na maelezo halisi ya kazi, kilo ngapi, masaa mangapi kusimama, sio cheo tu.

Magonjwa ya muda mrefu yana utaratibu wake. Kansa ya asbestosi huja miaka 20 mpaka 50 baada ya kuvuta vumbi, silikosisi ya kawaida (ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe) huchukua miaka 10 na zaidi. Mzee aliyestaafu akileta klemu leo kuhusu kiwanda alichoacha zamani, huko kuchelewa sio kiashiria cha chochote.

Hatua ya 8: Mitandao na kazi ya pili

Angalia kilichowekwa wazi kwa umma tu. Kutengeneza akaunti feki ili mdai akukubali urafiki, kumtumia ndugu yake, kuingia kwenye simu yake, hapana, sehemu nyingi ni kosa na ushahidi wenyewe unaweza kutupwa. Ukikuta picha, hifadhi ukurasa wote na anwani yake na tarehe uliyoiona, halafu jiulize picha ilipigwa lini. Watu wanaposti picha za zamani kila siku. Mtu anacheza muziki harusini kwa sekunde nane hakwambii alivyoamka kesho yake.

Kazi ya pili ina nguvu zaidi kuliko picha, kwa sababu kama analipwa mshahara wa kutoweza kufanya kazi na huku anapokea malipo kwingine kwa kazi ileile, na aliulizwa akakana, mambo manne ya hatua ya kwanza yote yametimia. Tafuta usajili wa biashara, matangazo aliyoweka na namba yake, mikataba. Taarifa za benki zinahitaji amri ya mahakama au ridhaa.

Hatua ya 9: Kumfuatilia kwa macho na kamera

Hii iwe ya mwisho na kwa sababu iliyoandikwa. Nani kaidhinisha, kwa nini njia nyepesi hazikutosha, siku ngapi, wapi. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi dhidi ya Uswisi ya mwanamke aliyefuatiliwa na wapelelezi wa bima baada ya ajali ya barabarani. Walimrekodi sehemu za wazi tu, na bado mahakama ikasema haki ya faragha imevunjwa kwa sababu sheria haikueleza wazi mipaka ya ufuatiliaji huo. Kwa hiyo "alikuwa barabarani" sio jibu la kila kitu.

Kanuni za kazi: simama sehemu ya umma, usiingie uani, usirekodi kupitia dirisha, usirekodi maongezi, usimtengenezee mtego kama kutoboa tairi ili uone kama atainama, watoto na wageni wake waache. Hifadhi video yote bila kukata, pamoja na masaa ambayo hafanyi kitu.

Na ukipata kitu, kiangalie kwa karibu. Tuseme daktari kamzuia kubeba zaidi ya kilo 10, na una video anaingiza mfuko mkubwa ndani ya gari kwa mkono mmoja. Mfuko una nini? Kama ni chupa tupu za plastiki zenye uzito wa kilo mbili hajavunja sharti lolote, tena kwa mkono mzima. Angalia mkono upi, mara ngapi, kasaidiwa na nani, baada ya hapo alifanya nini, kama alikaa chini akishika kiuno na mpiga video akazima kamera hapohapo, upande wa pili watauliza kwa nini. Video inapata maana ukiiweka mbele ya daktari na mbele ya majibu ya mdai ya hatua ya 6. Mtu aliyesema "siwezi kuinua mkono juu ya bega hata kidogo, siku zote" halafu anapaka rangi dari siku tatu mfululizo, hapo hata maneno mengi hayahitajiki.

Hatua ya 10: Geuza kamera upande wa pili

Mwajiri anaweza kudanganya kabla hata ajali haijatokea, kwa kutangaza wafanyakazi wachache kuliko alionao au kuwaandika mafundi wa paa kama makarani ili michango iwe midogo. Ukiona kampuni yenye "karani" aliyedondoka toka paa la ghorofa tatu, usiishie kwa karani. Mchezo mwingine ni mtu kuajiriwa baada ya kuumia: kibarua hajasajiliwa popote, anaumia, mkataba unatengenezwa usiku na kurudishwa tarehe nyuma. Angalia mshahara wa kwanza ulilipwa lini na kwa njia gani, michango ya kwanza iliwasilishwa lini, faili la kompyuta la mkataba lilitengenezwa lini. Na kumbuka kibarua mwenyewe mara nyingi ana haki ya fidia hata kama bosi hakumsajili, kosa ni la bosi.

Upande wa matibabu, tafuta bili za siku ambazo mgonjwa hakuwepo, kipimo kilekile kwa kila mgonjwa bila kujali jeraha, ripoti zilizonakiliwa neno kwa neno zikabadilishwa jina tu, na kliniki inayopokea wagonjwa wote toka kwa dalali mmoja. Kesi ya Pacific Hospital kule Long Beach, California, ni ya kukumbuka: mmiliki wake Michael Drobot alikiri kulipa madaktari na wengine rushwa ili wampelekee wagonjwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, nyingi zikiwa klemu za fidia za wafanyakazi, bili zikapita dola milioni 500, na 2018 akahukumiwa miezi 63 jela. Mle ndani wafanyakazi hawakuwa wezi, walikuwa wanapasuliwa migongo. Kwa hiyo unapokuta bili zimezidi, mpigie mgonjwa umuulize kama huduma hiyo aliipata kweli, kabla hujamwandika kama mshirika.

Hatua ya 11: Ripoti

Andika kilichoonekana, nani kasema, dokumenti gani inaonyesha, wapi vinagongana, na maelezo ya mdai kuhusu kila mgongano. Maneno kama "tapeli" na "inaonekana wazi kabisa" yaache. Weka na yale yanayomsaidia yeye, ukiyaficha yatatokea baadaye na yatakuumiza. Tenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya: je klemu inastahili kulipwa, je malipo yapunguzwe au yasimame, je kuna kosa la jinai. La kwanza linaweza kuwa ndiyo na la tatu likawa ndiyo pia, mfano mtu aliyeumia kweli ila akaficha kazi ya pili miezi miwili.

Uamuzi wa kukataa au kupeleka polisi usiufanye peke yako, mwanasheria na mkuu wa madai waone faili lote. Usimwambie mdai "futa klemu tusikushtaki", hicho kitisho sehemu nyingine ni kosa lenyewe. Usisambaze majina ofisini. Na ukikuta hamna kitu, andika hivyohivyo kwamba uchunguzi haukukuta udanganyifu, funga faili, na malipo yaliyokuwa yamesimamishwa yatoke na malimbikizo yake yote bila kumzungusha.